Kuivuta jetski iliyozima, wakati wa kusi

Nakodisha jetski ufuoni Bamburi. Julai, kusi limechachamaa, kijana mmoja wa bara na mchumba wake walipita mlango wa mwamba, kule nilikowakataza, na mashine ikawazimia. Maji yanakupwa, mwamba umeanza kutoa mgongo, na mawimbi yanawasukuma huko huko. Nikamchukua mpwa wangu na kamba, tukaenda.

Watu kwanza. Wale wawili wakahamia nyuma yangu, mpwa wangu akapanda yao, akakaa tezi kabisa, nyuma, ili omo, yaani pua yake, inyanyuke, isichimbe maji.

Kamba yangu inaelea, ina mita 15. Fupi haifai: wimbi likitoka nyuma, mashine inayovutwa huteleza nalo ikakupanda mgongoni. Ndefu nayo ikilegea, pampu yako, ile inayovuta maji na kuyatema nyuma ili jetski isonge, inainyonya, mnazima wawili. Basi nikamwambia kijana atazame nyuma, kamba ikilegea apige kelele. Alipiga kelele njia nzima.

Nilianza kuvuta kwenda nje, bahari kuu.

“Kaka, ufuo uko kule!”

Najua uko wapi. Lakini kati yetu na ufuo kulikuwa na mwamba. Nilisogea mbali nao, nikauelekea mlango, nikangoja mawimbi makubwa yapite, ndipo nikaingia.

“Mjomba, ongeza mwendo!” Mpwa wangu ameshalowa hadi kope.

Sikuongeza. Mwaka wangu wa kwanza niliua injini ya tajiri wangu kwa haraka hiyo hiyo. Jetski ikivutwa kasi, maji yanasukumwa kupitia pampu hadi kwenye mpira wa kupozea injini. Injini imezima, hakuna moshi wa kuyatoa, basi yanajaa ekzosi, yakizidi yanaingia kwenye silinda. Siku hizi nina kibano cha kuubana ule mpira, ila kufungua kiti katikati ya mawimbi yale ni kuikaribisha bahari ndani. Kwa hiyo pole pole, kama kilomita 8 kwa saa, na mpwa wangu nikamkataza kugusa stata.

Ufuoni tuliilaza ubavu juu ya mchanga, nikaingiza kisu kwenye pampu. Nikatoa leso, imejisokota kwenye shafti kama kamba ya katani. Yule binti akajishika kiuno, ndipo akakumbuka alikuwa amejifunga. Jina la leso lilibaki nusu: WEMA HAU.