Taa ni ya nani?

Tangu Jumatano nina swali moja kichwani na halitaki kuondoka. Naosha vyombo, lipo. Nahesabu daftari, lipo. Leo kanisani, matangazo yakisomwa, nikajikuta namjibu Mzee wa Viatu kimoyomoyo, na jibu lilikuwa zuri kuliko yote niliyotunga juma hili. Lakini mkutano wa Jumatano, alikoniuliza, umekwisha, watu wamerudi kwao, na jibu limebaki na mimi.

Mzee wa Viatu mnamjua, nimeshamwandika hapa mara nyingi. Yeye anauza viatu, mimi nauza daftari na karatasi, na ukuta wa duka lake ndio ukuta wa duka langu. Papa, baba yangu, alipofariki, Mzee alikuja na fimbo yake akakaa kilioni mpaka mwisho, na hata leo akisikia mlango wangu wa chuma umekwama anamtuma kijana wake bila kuombwa. Ndiyo maana neno lake limeniingia. Lingesemwa na yule muuza simu wa ng'ambo ya barabara, ningelisahau kabla ya kufika nyumbani.

Chama chetu cha wafanyabiashara wa katikati ya mji wa Lubumbashi kilikutana kupanga mwaka unaokuja, katika chumba cha juu cha famasi ya kona. Umeme haukuwepo, jenereta ilinguruma chini ya dirisha, ikabidi kila mtu apaze sauti. Nilifika nimechelewa, mwanafunzi mmoja alikuwa na fotokopi za kitabu kizima. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikaeleza mpango niliouandika tangu Septemba: taa za jua kwenye kuta za maduka, juu ya mlango, zimulike baraza, kisha tufungue hadi saa mbili usiku, tuanze na Alhamisi na Ijumaa peke yake, tuanze Mei mvua zikiwa zimekwisha. Mzee hakusimama. Hakukasirika pia. Alisema taratibu, na jenereta ikawa imetulia kidogo wakati ule ule, kwa hiyo wote walimsikia:

"Mama Papeteri, weye unafungaka saa kumi na moja. Sasa ile taa ni ya nani?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni kile cha watu waliochoka wanaotaka kwenda kwao. Prezida akasema, "Tuendelee, saa inaenda." Nikakaa. Katibu akaandika kwamba taa zitazungumzwa Januari, akageuza ukurasa.

Nimelirudia jambo hili mpaka najua nani alikuwa amekaa wapi. Mwenye vitenge alianza kucheka. Mke wa mwenye famasi hakucheka. Mweka hazina alikuwa anahesabu michango, ameshika noti ya dola kumi iliyochanika pembeni anaibishia, sidhani kama alisikia chochote. Baba watoto ameanza kazi Fungurume tangu Jumatatu, na jana binti ya Yaya, ndugu yangu mkubwa, ameolewa Likasi, harusi nzuri, picha nitaziweka. Lakini ndani ya gari, barabara nzima, kichwani mwangu nilikuwa bado katika chumba kile cha juu.

Jibu la kwanza lilinijia nikiwa ngazini. Mzee, nafunga saa kumi na moja kwa sababu taa hakuna. Ni hilo tu. Giza la kwetu halichelewi, saa kumi na mbili na kitu jua limekwenda, na kuanzia hapo barabara yetu ina mwanga wa gari zinazopita tu. Mteja haoni bei, mimi sioni noti. Nani atabaki? Mwenye vitenge anafunga kwa sababu mimi nimefunga, mimi nafunga kwa sababu Mzee amefunga saa kumi, na kila mmoja wetu anamwonyesha mwenzake kidole kwamba wateja wa jioni hawapo.

Wapo. Mabasi ya migodi yanawarudisha watu mjini jioni, wamevaa bado vizibao vyao vya machungwa, wana mshahara, wana watoto wanaotaka daftari na viatu vya shule. Wanashuka mbele ya milango iliyofungwa, wanapanda taksibusi, wanaenda zao. Wakiwa na franka za kutumia wanazitumia Kamalondo, wanazitumia Kenya, mitaa ya hapa hapa mjini, kule giza likiingia ndipo watu wanatoka, michopo, nyama ya kuchoma, iko motoni na muziki umefunguliwa. Sina ugomvi na Kamalondo. Nasema tu kwamba mji una mitaa inayoamka jioni, na sisi wenye madirisha makubwa ya vioo tumo katika ile inayokufa.

Hili nalo nililiwaza usiku wa Jumatano. Wakati mji huu unaitwa Élisabethville, mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea usiku upande wa Wazungu bila karatasi. Kati ya mji wao na Kamalondo waliacha kipande cha ardhi tupu, makusudi, ili tusikaribiane. Babu yangu alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja, na Papa alituambia jinsi babu alivyokuwa anaikunja ile karatasi na kuiweka ndani ya kofia, maana mfukoni ingeloa mvua. Giza likiingia katikati ya mji palikuwa si petu, kwa amri. Amri imekufa zamani, jina limebadilishwa 1966, mimi nina ufunguo wa mlango kwenye barabara ile ile, na bado jua likizama tunakimbia. Hakuna tena anayetufukuza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko.

Najua Mzee ana sababu zake. Alikuwa kijana wa duka Mobutu alipotangaza, tarehe 30 Novemba 1973, kwamba biashara za wageni zipite mikononi mwa Wazaire, akaona rafu zikibaki tupu. Akaona uporaji wa 1991, watu wakibeba hadi bawaba za milango. Mtu aliyepita huko, ukimwambia habari ya dirisha lenye mwanga usiku, anachoona ni dirisha lililovunjwa. Ningekuwa yeye, pengine ningefunga saa nane mchana.

Mambo mengine ya mpango wa mwaka niyaandike haraka, kwa sababu kuna walioniuliza. Mifereji itazibuliwa Septemba, kabla ya mvua, si Novemba maji yakishaingia dukani. Sawa kabisa, na kila duka litatoa mtu. Sentineli, yaani walinzi, watakuwa wa pamoja badala ya kila mtu na wake. Mchango utahesabiwa kwa mita za mbele ya duka, wazo ambalo wenye maduka makubwa hawakulipenda, nami nalipenda sana. Choo cha kulipia kwa wanawake nyuma ya soko la Mzee Kabila kimewekwa "tutaona", na hapo lazima niseme: akina mama wanaoshinda mjini kuanzia alfajiri hawanywi maji mchana kutwa kwa kukosa pa kwenda. Wanaume wote katika chumba kile wanalijua, wana wake, wana dada. Nitalirudisha Januari, na safari hii sitalisema kwa kuona haya.

Na jambo la kwanza kabisa, lililopitishwa kabla sijafika: kuondoa meza zote za wachuuzi barazani kuanzia mwaka mpya.

Sikulitilia maanani mpaka Ijumaa. Alhamisi ilinyesha mvua ile kubwa, Ijumaa nikakuta katoni za chini zimelowa, nikabaki dukani kutenganisha karatasi zilizokufa na zinazoweza kuuzwa kwa watoto wa kuchora. Nilipoinua kichwa ilikuwa giza. Nikafungua mlango kidogo hewa iingie, taa yangu ya betri mezani, na nikaiona barabara yetu kama sijawahi kuiona tangu Papa anipe ufunguo.

Ilikuwa na watu. Mama wa mikate alikuwepo, yule anayekaa mbele ya duka la Mzee. Wa mayai ya kuchemsha alikuwepo. Binti wa yunite za simu, wawili wa maembe, kambisti wa kubadilisha fedha na kiti chake kidogo cha plastiki. Simu zimeegemezwa kwenye vikapu, tochi zimewashwa, kila meza na duara lake dogo la mwanga. Basi la mgodi likasimama, watu wakashuka, wakanunua. Kijana mmoja mwenye kizibao akaona mlango wangu uko wazi akaingia kuuliza kalamu na daftari za mistari miwili za mtoto wake wa darasa la kwanza primeri. Baada yake akaja mwingine. Nikauza mpaka nikasahau katoni.

Nikamuuliza mama wa mikate, "Mama, unabaki hapa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka taksibusi ya mwisho."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama. Betri ya simu ikiisha ndipo narudi."

Sijui kueleza furaha iliyonipata pale. Juma zima natafuta la kumwambia Mzee, kumbe la kumwambia lilikuwa limekaa barazani kwake, linauza mikate. Taa ni ya hawa. Soko la jioni ninalolipigania lipo tayari, linafanya kazi bila sisi, kwa betri ya simu, na wanaoliendesha hawana kiti katika chama. Tumeandika kuzungumza taa, na katika karatasi hiyo hiyo tumepanga kuwafukuza wale ambao tayari wana wateja wa kusimama chini yake. Tukizima meza Januari na kuwasha taa Mei, tutamulika saruji tupu, na Mzee atakuwa amesema kweli mbele ya watu wote.

Kwa hiyo naandika upya mpango wangu. Meza zibaki, zipangwe: upande wa ukuta, njia ya watu iwe wazi, mlango wa duka usizibwe, mahali pa kila mmoja pachorwe kwa rangi. Kila taa iwe na meza zake chini, na wenye meza watoe kitu kidogo kwa siku kwa ajili ya kuitunza. Mwizi wa betri anapenda taa iliyo peke yake. Taa yenye akina mama watano chini yake ataikimbia. Mambo ya ufundi nimeyaulizia kwa fundi wa Ruashi. Hatuhitaji taa ya kukesha, tunahitaji masaa matatu ya mwanga wa nguvu, kisha hafifu hadi asubuhi, maana betri inayokaushwa kabisa kila usiku inakufa mapema. Kiangazi vumbi letu jekundu linafunika paneli na mwanga unapungua, basi lazima mtu apande ngazi na kitambaa. Masika mawingu yanakula chaji. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza Mei. Nani wa kupanda ngazi? Nimeshamwandika kijana wa Mzee kwenye rasimu. Sijamwambia.

Jana asubuhi, kabla ya safari ya Likasi, nilipita dukani kuchukua zawadi. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, kiatu mkononi. Nikamsalimia, akaitikia, akaniuliza harusi. Kisha akasema bila kuinua macho:

"Sentineli ananiambia jana ulifunga usiku."

"Ndiyo, Mzee."

"Uliuza?"

"Niliuza."

Akaendelea kukipiga brashi kile kiatu. Nami sikuongeza neno. Lakini alikuwa ameuliza swali la mfanyabiashara, na nimeridhika nalo kuliko ambavyo ningeridhika kama angeniomba radhi.

Rasimu nitaipeleka kwanza kwa mke wa mwenye famasi, halafu kwa prezida, na nitamwomba mama wa mikate aje mwenyewe Januari aseme anafunga saa ngapi. Amesema atakuja kama kuna mtu wa kumshikia meza. Nimemwambia binti yangu atamshikia. Binti yangu hajui bado, atalisoma hapa.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini kuna kitu kingine kinanikosesha raha tangu tuliporudi usiku. Maji ya kisima chetu yamebadilika rangi. Tangu mvua ya Alhamisi yanatoka kama chai nyepesi na yana harufu, na choo cha jirani wa nyuma kiko karibu mno na ukuta, tulimwambia akichimba. Mtoto mdogo wa mpangaji anaharisha tangu asubuhi. Mama yake anasema ni maembe mabichi. Inawezekana ni maembe, lakini huu ndio msimu wa kipindupindu, sitaki kubahatisha. Tumechemsha sufuria tatu, nimewakataza wote kuchota, nimempa mama yake pakiti za maji ya chumvi na sukari zilizobaki kabatini. Nimemwambia kama usiku atatapika anigongee saa yoyote, twende hospitali kwa pikipiki. Kesho kabla ya kufungua nitatafuta klorini. Mwenye kujua ni kiasi gani kinatiwa katika kisima, si kwenye ndoo, aniandikie usiku huu huu.