Siku niliyompelekea ustadhi neno Arsenal

Mwezi wa kumi 2004, Ramadhani ndo kwanza imeingia wiki ya pili, sisi tuko kidato cha tatu pale Tanga, Ngamiani. Wafuasi wa mpira mshajua naelekea wapi. Arsenal ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa hata moja, na ya 50 ikaangukia Old Trafford, uwanja wa Man U, Jumapili ya tarehe 24. Kibanda umiza kilijaa mpaka watu wamekalia ndoo, tumefturia humo humo kwa tende na maji, mimi wa Arsenal nimeshaanza kuringa tangu asubuhi. Basi bwana, kipindi cha pili ikapigwa penalti, Van Nistelrooy wa Man U akaweka, na dakika za mwisho kabisa mwenzie Rooney akamalizia la pili, tena siku yenyewe alikuwa anatimiza miaka 19. Mbili bila. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa kulikuwa na jamaa yangu wa darasani, Man U wa kufa na kuzikwa, tukimwita Kepteni. Yeye matokeo hayakumtosha. Akasimama katikati ya kibanda akasema kwa sauti, "Kwani nyie mnajua Arsenal maana yake nini? Likateni pale kwenye herufi ya nne muone Waingereza wanamaanisha kitu gani." Wanaojua ung'eng'e wakacheka palepale, wasiojua wakanong'onezwa kwamba ni makalio, tena lile neno la makalio lenye matusi, wakacheka zaidi ya wale wa mwanzo.

Shida ni kwamba mimi ndo nilikuwa mzee wa ung'eng'e darasani, nilikuwa natembea na dikshonari ndogo mfukoni kama leseni. Nikaitoa palepale, imeandikwa ghala la silaha. Kepteni akasema hiyo ni maana, yeye anaongelea neno limetokea wapi, na kama nabisha tuwekeane. Tukawekeana: atakayeshindwa anamlisha mwenzie kaimati na uji wa pilipili manga siku tatu mfululizo. Mashahidi kibanda kizima.

Kesho yake baada ya shule nikapanda baiskeli mpaka maktaba ya mkoa. Kulikuwa na dikshonari moja kubwa, ile haitoki, unaisomea hapo hapo, na herufi zake kama sisimizi. Kila neno lina kamstari kanaeleza lilikotoka kwa vifupisho vifupisho, nusu saa nzima imeniishia kuelewa vifupisho tu. Nikafika kwenye Arsenal. Makalio hayapo hata kwa harufu. Imeandikwa neno limetoka Kiitaliano, lilimaanisha mahali pa kutengenezea meli, na Waitaliano nao wamelitoa kwa Waarabu, dar sina'a. Nikabaki naangalia hiyo "dar" kama mtu aliyekutana na shangazi yake Ulaya.

Njaa ikaisha kabisa. Nikaanza kuwinda sasa, kila ninapoona kifupisho cha Kiarabu nakopi nyuma ya daftari langu la hesabu mpaka mama wa maktaba akaanza kufunga madirisha. Hilo neno daftari lenyewe, nimekuja kujua ukubwani, tumelipata kwa Waarabu na chanzo chake ni Kigiriki, ngozi, na ule ugonjwa wa koo, difteria, umeitwa hivyo kwa neno hilo hilo la ngozi kwa sababu unaotesha kitu kama ngozi kooni. Lakini hiyo ni mbali.

Sikwenda nyumbani. Nikapitiliza kwa ustadhi wetu wa madrasa. Huyu mzee alikuwa hapendi mpira hata kusikia, mpira ndo ulikuwa unamnyang'anya wanafunzi kila alasiri, kwa hiyo kumpelekea neno Arsenal ilikuwa ni ujasiri. Nikamkuta barazani anasubiri magharibi, tasbihi mkononi.

"Asalaam aleykum ustadhi, shikamoo."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Nikamwambia nina neno la Kiarabu limeandikwa kizungu silielewi. Akavaa miwani, ile ya kufungwa na uzi, akasoma, akakunja uso, akasoma tena. "Hii sio sina ya kwenu ya sina hela, hapa pana herufi ain." Akachukua peni yangu akaandika vizuri kutoka kulia. "Dar, nyumba. Sinaa, kazi ya mkono, ufundi. Sanaa hii hii mnayoisema kila siku. Nyumba ya ufundi. Umeitoa wapi?"

Nikameza mate. Nikamwambia ni Arsenal, ustadhi, ile timu.

Kimya. Halafu akauliza hao Waitaliano walikuwa wanatengeneza nini humo ndani. Nikasema meli. Akavua miwani akaniangalia. "Baba yangu alikuwa akifanya kazi gani?" Mtaa mzima unajua, marehemu baba yake alikuwa fundi wa kuunda madau. "Basi marehemu naye alikuwa na Arsenal yake pale ufukweni," akasema, akacheka mpaka tasbihi ikadondoka. Sijawahi kumuona akicheka vile, sio kabla sio baada.

Hapa niweke na niliyoyasoma baadae maana nilikuwa sijayajua siku ile. Waitaliano wenyewe ni wa Venice, mji wa baharini, walifanya biashara na Waarabu miaka na miaka, wakawa na karakana kubwa ya meli za vita, wakaiita arzanà, ile d ya mwanzo imedondoka njiani, mwishowe ikawa arsenale. Kwa kuwa meli za vita zinakaa na silaha zake, neno likahama taratibu kutoka kwenye meli kwenda kwenye silaha. Waingereza wakalichukua, wakawa na kiwanda cha silaha cha serikali Woolwich, kusini mashariki mwa London, na wafanyakazi wa kiwanda hicho ndo wakaanzisha timu 1886, mwanzoni ikiitwa Dial Square. Ule mzinga kwenye nembo umetoka huko. Kaskazini mwa London wamehamia tu, mwaka 1913. Kwa hiyo ukilifuata neno mpaka kwao unakuta mafundi wa meli, hakuna bunduki wala hayo makalio ya Kepteni.

Turudi barazani. Mzee keshanogewa, anafunua daftari langu mwenyewe kutafuta mengine, na kabla sijaliwahi akafungua ukurasa wa jaribio la hesabu. Kiduara chekundu, kikubwa, chini yake saini ya mwalimu. "Na hii?" Nikasema ziro, ustadhi. "Ziro ndo nini?" Nikaona hapa ndo pa kujiokolea. Nikamwonyesha kwenye orodha yangu, zero, imetoka Kiarabu sifr. Akasema sifr ni kitu kitupu, sifuri. Kumbe tunaposema fulani kapata ziro na bibi yangu anaposema fulani kapata sifuri ni neno moja limepita njia mbili. Letu limekuja na jahazi moja kwa moja. La kwao limezunguka, yule Mtaliano Fibonacci aliliandika kwenye kitabu chake cha hesabu 1202 kwa Kilatini kama zephirum, likafupika fupika mpaka ikawa zero. Na cha ajabu Waingereza wamelichukua mara mbili, maana cipher, maandishi ya siri, ni sifr hiyo hiyo imeingia kwa mlango wa Wafaransa. Ustadhi akasikiliza yote. Akasema, "Sawa. Lakini umepata sifuri." Sikuokoka.

Tukaendelea. Admiral, mkubwa wa majeshi ya majini, ni amiri, huyu huyu wa amiri jeshi mkuu, Wazungu wamechukua amir na ile al inayofuata, al ya Kiarabu ambayo ni kama "the" ya Kiingereza, wakaikata hapo hapo, al imebaki inaning'inia haina mwenyewe. Tariff, ushuru ule, ni taarifa yetu, kwao ilianza kama karatasi ya kukutaarifu bei na kodi ya mzigo. Magazine nayo ndugu yake hazina. Mwanzo ilikuwa ghala, ndo maana pale risasi zinapokaa kwenye bunduki wanapaita hivyo mpaka leo, halafu mwaka 1731 kuna jamaa London akatoa gazeti la kila mwezi akaliita hivyo kwa maana ya ghala la habari, wengine wakaiga. Mzee kila neno anagonga goti, "Letu hilo!" Utadhani tunadai madeni.

Akaongeza na lake. Akasema earth ni ardhi, hilo halina haja ya kitabu, sikiliza tu mwenyewe, earth, ardh. Mimi nikakubali kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata nikaliangalia maktaba, sio kweli bana. Earth ni la kwao kabisa, Wajerumani wanasema Erde, zimefanana na ardhi kwa bahati tu. Mpaka leo nakutana na watu wanaapa kwa hilo la earth na nawaelewa, linashawishi kweli kweli. Ustadhi sikumwambia. Kwa heshima, na kwa kuogopa fimbo kidogo.

Lililobaki kwenye orodha ni moja na nilikuwa nalikwepa. Akaliona mwenyewe. "Hili mbona unaliziba na kidole?" Alcohol. Nikasema ustadhi hili tuliache, mwezi mtukufu. Akasema elimu haina mwezi. Haya, nikamsomea: al-kuhl. Akatulia. "Kuhl ni wanja," akasema pole pole. Ndo hivyo, wanja wa machoni. Maana wanja ni unga laini sana, Wazungu wa madawa wakaanza kuita unga wowote uliosagwa laini kwa jina hilo, kisha chochote kilichochujwa mpaka kikabaki kiini chake, mvinyo nao ukichemshwa na kukingwa mvuke unabaki na kiini, wakakiita alkoholi ya mvinyo, mwishowe mvinyo ukadondoka ikabaki alkoholi peke yake. Neno halijawahi kunywa, limesingiziwa tu.

Sasa mke wa ustadhi, ma'alimu tunayemwita Bi Mkubwa, alikuwa ndani nyuma ya pazia anakoroga uji na kumbe anasikia kila kitu. Akatoka na mwiko mkononi, wanja umekolea macho yote mawili kama desturi yake. "Kwa hiyo mie tangu alfajiri nimefunga nimejipaka pombe?" Ustadhi akasema astaghfirullah mara tatu huku mabega yanatikisika.

Adhana ikalia tukafturu. Na kwenye futari, mdomo wangu nao, nikamshukuru mzee kwa kunisaidia kushinda kaimati. Akauliza kaimati zipi. Nikaeleza, na kadiri ninavyoeleza nikawa naona uso wake unarudi ule wa madrasa.

"Yaani mmewekeana? Ramadhani?"

"Kaimati tu ustadhi."

"Kaimati ya kuwekeana ni kamari."

Akatuma mtoto akamwite Kepteni saa hiyo hiyo. Dau likafutwa, na kwa sababu tulikuwa wawili tumeshirikiana dhambi tukapewa kazi wawili, kufagia madrasa na kujaza pipa la maji mpaka sikukuu. Kepteni kila ndoo anayobeba ananilaumu, anasema angekuwa ameshindwa kwa amani angelipa kaimati yakaisha. Na bado akawa habanduki kwenye makalio yake, anasema hizo ni Kiarabu, yeye alizungumzia Kiingereza. Nikamjibu ndo hicho Kiingereza chenyewe, ukikipekua mifukoni unakuta vitu vya watu. Hatukuelewana. Mpaka leo hatujaelewana na ni mtu mzima ana watoto wawili.

Ila ustadhi tangu siku ile, bila kukiri kwamba anafuatilia mpira, akawa akinikuta njiani ananiuliza kwa sauti ya chini, "Ile nyumba ya ufundi imefanyaje?" Ligi ile alichukua Chelsea, nilikuwa namjibu kwa unyonge tu. Mwezi wa tano 2005 tukakutana nao Man U tena, fainali ya kombe la FA kule Cardiff, dakika 120 hakuna goli, Vieira akapiga ya mwisho tukabeba kombe. Asubuhi yake nikaenda mwenyewe barazani kumpa habari.

"Tumeshinda ustadhi. Kwa penalti."

Akafikiri. "Penalti. Hilo nalo letu?"

"Hapana ustadhi, hilo Kilatini."

"Aah," akarudi kwenye tasbihi yake. "Basi hilo waachie wenyewe."