Moto unajiwasha wenyewe, kazi yetu ni maji

Saa 10 na nusu alfajiri

Naishi Gongo la Mboto na najifunza kuendesha boila, lile tangi la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, kwenye kiwanda cha vitambaa Barabara ya Nyerere, kwa hiyo hesabu yangu ni fupi: ukitoka mapema unapata siti, ukichelewa unaning'inia mlangoni. Naoga, nakunywa chai kavu, kwenye begi naweka ovaroli ya pamba na buti. Nguo za nailoni kwetu ni mwiko, zikipata moto zinayeyuka na kugandia ngozi. Mama hajakata tamaa ya kuniuliza kama hakuna kazi ya ofisini. Kwake boila ni kitu cha kulipuka tu, na siwezi kusema anakosea kabisa.

Saa 12 na dakika 40

Shifti inaanza saa 1, lakini makabidhiano hayafanyiki getini. Unaingia bandani, unamkuta wa usiku macho mekundu anataka kwenda kulala, na yule mzee anayenifundisha ameshakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, pale penye upepo.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Daftari hujalishika?"

"Bado."

"Haya, kioo kwanza."

Ndiyo sheria yake. Husomi alichoandika mwenzako wa usiku kabla hujaona maji kwa macho yako, maana ukishasoma "maji sawa" umeshaamini, na utakachokitazama baadaye utakitazama ukiwa tayari na jibu.

Kioo ni kile kibomba cha wima mbele ya boila kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani. Kina koki ya juu inayotoka upande wa mvuke, koki ya chini inayotoka upande wa maji, na dreni. Nafunga ya maji, nafungua dreni: mvuke unapiga kwa nguvu, njia ya juu iko wazi. Nafungua ya maji, nafunga ya mvuke: maji yanatoka kwa kishindo, njia ya chini nayo iko wazi. Kisha nafunga dreni na kuacha koki zote mbili wazi. Hapo Mzee anainuka kwenye kiti. Maji yakipanda haraka mpaka nusu ya kioo, anakaa. Yakipanda kwa kujivuta, kuna uchafu umeanza kuziba njia, na kioo kilichoziba ni hatari kuliko kutokuwa nacho kabisa, kwa sababu kitakuonyesha maji ya jana.

Leo yamepanda vizuri. Nasoma daftari, nasaini, wa usiku anaaga.

Saa 1 na robo

Niwaeleze kidogo mashine yenyewe. Ni boila ya mabomba ya moto: moshi wa moto unapita ndani ya mabomba, maji yameyazunguka kwa nje. Inatoa tani 5 za mvuke kwa saa, na huo mvuke unakwenda kupika rangi na kukausha vitambaa. Inatumia gesi asilia, ile ya Songosongo kule Kilwa iliyoanza kufika Dar kwa bomba mwaka 2004. Bana, yaani kichomeo cha gesi, inajiwasha yenyewe: feni inapuliza kwanza hewa safi kutoa gesi iliyobaki tumboni, kisha cheche, kisha moto. Presha ikitosha unapungua, ikishuka unaongezeka. Ukiniuliza moto wenyewe unahitaji mtu wa nini, nitakwambia kwa siku ya kawaida hauhitaji. Unaohitaji mtu ni maji. Kila ninachofundishwa hapa, ukikikamua, kinatoka maji.

Presha ya bar 10 maana yake maji humo ndani hayachemki kwenye nyuzi 100, yanachemka kwenye nyuzi 184 hivi. Chombo kikipasuka, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na maji yakishakuwa mvuke kwenye hewa ya kawaida yanataka nafasi kama mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Kinachobomoa ukuta ni hicho.

Kwa hiyo asubuhi tunajaribu kinga. Moto ukiwa unawaka, naondoa maji kwenye chemba ya boya ili boya lishuke, lidanganyike kwamba boila imepungua maji. King'ora kinatakiwa kulia na moto kuzima wenyewe. Umezima. Kisha blodauni ya chini: nafungua valvu sekunde chache, tope lililotuama linakwenda shimoni kwa mngurumo unaosikika hadi stoo. Mara ya kwanza kuisikia utarudi nyuma hatua mbili bila kutaka.

Saa 2

Kimeza chetu cha kupimia maji. Hapa ndipo ninapopapenda.

Kiwanda kinatumia maji ya kisima, na anayeishi Dar anajua visima vingi vya huku pwani: sabuni haitoi povu, na birika la chai linaota magamba meupe. Magamba hayo hayo yakijishika juu ya mabomba ya boila, joto la moto haliyafikii tena maji sawasawa. Gesi inaliwa zaidi, na chuma kinapata moto bila kupozwa mpaka kinalegea. Ndiyo maana maji yanapitishwa kwanza kwenye tangi la kulainisha, lenye chembechembe zinazokamata kalisi na magnesi na kuachia sodiamu badala yake. Chembe zikishashiba zinaoshwa kwa maji ya chumvi, chumvi hii hii ya magunia. Fundi boila anayepigania bajeti ya chumvi watu wa uhasibu wanamwona mchawi.

Nachota maji yaliyotoka tangini, natia matone ya dawa ya kwanza, kisha ya pili. Yakiwa mekundu kama divai, ugumu umepita. Yakiwa bluu, ni laini. Leo ni bluu lakini ina kivuli cha zambarau, namwonyesha Mzee kwenye mwanga wa mlangoni.

"Unasemaje wewe?"

"Chembe zinakaribia kushiba. Tuzioshe leo, tusingoje kesho."

"Andika."

Kwenye maji ya ndani ya boila napima pH, tunataka kati ya 10.5 na 11.5, na chumvi zilizoyeyuka, ambazo hatuziachi zipite miligramu 3,500 kwa lita. Zikizidi, maji yanatoa povu. Tangi la maji ya kulisha nalo tunaliweka kwenye nyuzi 85 na kuendelea, maana maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi, na oksijeni ndiyo inayotoboa mabomba vitundu.

Saa 5

Presha imeshuka ghafla kutoka bar 9 hadi 7. Wa rangi wamefungua matangi yote kwa mpigo. Kinachotokea hapo kilinichukua muda kukielewa: presha ikianguka, mapovu ya mvuke ndani ya maji yanavimba, na usawa wa maji kwenye kioo unapanda. Unapanda wakati maji yanapungua! Pampu inaona yamejaa, inasimama. Na mvuke unaokimbia hivyo unabeba matone ya maji hadi kwenye mabomba ya kiwandani, yanaanza kugonga kana kwamba kuna mtu anayapiga nyundo.

Mzee ananisogezea simu.

"Kaka, za saa hizi. Fungueni moja moja, tafadhali. Mabomba yanagonga."

"Tuna kanga za kumaliza leo, dada. Mnataka tulale hapa?"

"Ukinipa dakika 5 kwa kila tangi, jioni utakuwa nyumbani. Maji ya boila yakifika kwenye rangi, kanga zenu zitakuwa na madoa."

Neno madoa limefanya kazi. Presha ikarudi, usawa wa kwenye kioo ukashuka mahali pake halisi, pampu ikaanza. Nimejifunza kwamba nusu ya uendeshaji wa boila ni kujua kuongea na watu wanaoutumia mvuke.

Saa 7

Wali maharage na mchicha kwa mama lishe nje ya geti. Tunakula kwa zamu, banda haliachwi peke yake.

Saa 9

Makabidhiano. Anayeingia naye anakwenda kwenye kioo kabla ya daftari. Namwachia neno kuhusu tangi la kulainisha.

Saa 12 jioni

Darasa, tukiwa wachache, tunajiandaa na mtihani wa cheti. Wengine wanataka kubaki viwandani, mimi nataka kufika Kinyerezi, kwenye vituo vya kufua umeme kwa gesi. Pale Kinyerezi II moshi wa moto unaotoka kwenye mitambo ya gesi hauachwi upotee, unachemsha maji, na mvuke wake unazungusha mitambo mingine ya umeme. Maji yao yanatakiwa yawe safi mara nyingi kuliko yetu.

Leo tumesoma Brockton, Massachusetts, 20 Machi 1905. Boila ya kiwanda cha viatu ililipuka, jengo likaanguka na kuwaka, watu 58 wakafa. Miaka miwili baadaye jimbo hilo likatunga kanuni za boila. Kwetu leo anayekuja kukagua ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na sijawahi kumwona Mzee amechomekea shati isipokuwa siku ya mkaguzi.

Saa 3 usiku

Kwenye simu tunaulizana maswali ya mdomo. La leo: moto unawaka, kioo hakionyeshi maji, utafanya nini? Zima moto kwanza. Usiingize maji, kwa sababu mabomba yaliyokauka yanaweza kuwa mekundu, na maji yakiyagusa yanageuka mvuke mara moja. Acha ipoe yenyewe, mwite mkubwa. Mwenzangu mmoja anabisha, anasema angefungua valvu ya usalama apunguze presha. Nimemwambia huko ni kuyatoa hata hayo maji machache yaliyobaki, na kuyavimbisha juu yake. Bado anabisha. Nimemkaribisha kesho bandani amuulize Mzee mwenyewe, ila asije na kandambili.