Dola 100 kwa mwaka: nilivyoimudu miaka miwili katika bunge la New Hampshire

Nikipiga simu nyumbani Wundanyi, mjomba wangu hunipokea kwa neno moja: "Mheshimiwa!" Kisha yanafuata mengine: karo ya fulani, mabati ya kanisa, harambee ya mgonjwa. Simlaumu hata kidogo, maana Kenya mtu akishaitwa mheshimiwa, jamaa zake wanajua mambo yamekuwa mazuri. Ilinichukua muda kumweleza kwamba huku New Hampshire, jimbo dogo la Marekani, mwanachama wa Baraza la Wawakilishi hulipwa dola 100 kwa mwaka, kama shilingi 13,000 za Kenya. Si kwa siku wala kwa mwezi. Kiwango hicho kiliingizwa katika katiba ya jimbo mwaka 1889 na hakijaguswa tangu hapo.

Baraza lenyewe lina viti 400 kwa jimbo lenye watu milioni 1.4 hivi, kwa hiyo kila mwakilishi anabeba watu kama 3,400. Linganisha na Bunge la Taifa la Kenya: wabunge 349 kwa nchi iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019. Watu 3,400 unaweza kuwafikia kwa miguu, na mimi niliwafikia, kuanzia Julai hadi Novemba 2022, mara nyingi nikiwa nimetoka shifti ya usiku na kulala kidogo tu.

Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kulea wazee. Nimezoea kuingia chumbani kwa mtu nisiyemjua na kumwuliza ameamkaje, na milangoni nilifanya vivyo hivyo. Bibi mmoja mjane alinikaribisha jikoni, akatoa bili ya kodi ya nyumba yake na kuinyoosha mezani kwa kiganja. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi mikunjo imeanza kutoboka. New Hampshire haitozi kodi ya mshahara wala ya mauzo, kwa hiyo shule zinategemea sana kodi ya nyumba na ardhi. Mahakama ya juu ya jimbo iliamua mwaka 1997, katika kesi ya Claremont, kwamba kugharamia shule kwa kodi ambayo viwango vyake vinatofautiana mji kwa mji ni kinyume cha katiba, lakini ubishi unaendelea hadi leo. Yule bibi hakuhitaji kuelezwa habari za kesi. Alitaka kujua kama nyumba aliyolelea watoto wake itabaki yake. Niliandika kiasi anachodaiwa katika daftari, na daftari hilo nilitembea nalo miaka yote miwili.

Nilishinda. Kwa jimbo zima, vyama viwili vilitoka 201 kwa 198, na kiti kimoja cha Rochester kilitoka sare, 970 kwa 970, hadi uchaguzi ukarudiwa Februari 2023. Katika baraza la namna hiyo, ukikosa siku moja pengo lako linaonekana.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani naweza kuendelea na shifti zangu za kawaida huku nikienda Concord, mji mkuu wa jimbo, kila ninapohitajika. Sina ofisi kule wala karani. Wengi wetu ofisi yetu ni kiti chetu ukumbini, katika jengo lililokamilika mwaka 1819, na kazi nyingine tunafanyia kwenye meza ya jikoni. Asubuhi moja ya Februari, nikitoka kazini moja kwa moja kuelekea kikaoni, nilisinzia kwenye usukani. Kilichoniamsha ni yale matuta ya ukingoni mwa barabara kunguruma chini ya tairi. Nikasimamisha gari pembeni, mikono inatetemeka, nikampigia mume wangu.

"Mama, usiendeshe," akaniambia. "Lala hapo hapo, nakuja na basi."

Alikuja kweli, akaniendesha hadi Concord, akakaa juu kwenye roshani ya wageni mpaka kikao kikaisha. Usiku huo tulikaa na watoto mezani na kalenda kubwa. Tulikubaliana nihamie shifti za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili usiku, kila moja ya muda wa saa kumi na mbili, ili katikati ya wiki niwe huru, kwa sababu kamati na vikao vya baraza mara nyingi viko siku hizo. Soko na kanisa vikawa vya baba yao. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, akauliza, "Sasa Jumapili yetu itakuwa lini?" Hakuna aliyemjibu kwa haraka. Mwishowe tukaihamishia Jumatatu jioni: ugali, sukuma wiki na samaki, na simu zote ndani ya droo ya vijiko. Tangu siku hiyo hatukuruka Jumatatu hata moja nikiwa nchini. Kama kuna mtu anasoma haya akifikiria kugombea, aanze na kalenda ya nyumbani kabla ya mabango.

Kuna jambo moja la bunge hili ambalo ningependa lifike kwetu. Kila mswada, hata wa mtu mmoja asiyejulikana, unasikilizwa hadharani na kamati, na baadaye baraza zima linapaswa kuuamua. Haufi kimyakimya mezani kwa mtu. Wangu ulikuwa wa kuwapunguzia wasaidizi wa wauguzi gharama za mafunzo na leseni. Siku ya kusikilizwa walikuja wanawake wanne moja kwa moja kutoka kazini, bado na sare na viatu vya wodini. Anayetaka kusema hujaza kadi ya rangi ya waridi na kungoja aitwe. Mmoja wao, mama wa Kikongo tunayesalimiana naye kwa Kiswahili, aliishika kadi ile kwa mikono miwili kama cheti. Alizungumza Kiingereza polepole, akaeleza jinsi ya kumgeuza mzee kitandani bila kumuumiza, akionyesha kwa mikono yake. Kamati nzima ilinyamaza.

Hata hivyo mswada ulianguka. Kamati ilipendekeza ukataliwe, baraza likakubali. Niliumia sana, na nilichoumia zaidi ni kuwapigia simu wale wanawake mmoja mmoja.

Mmoja wa waliopiga kura ya kuukataa alikuwa mzee wa chama cha pili, mfugaji wa kuku kutoka kaskazini, Coös, ambaye kila siku ya kikao hukaa zaidi ya saa mbili barabarani kupitia mabonde ya White Mountains. Alinifuata koridoni akasema hakupenda pale ambapo fedha zingetoka, lakini yule mama wa kadi hamtoki akilini. Tukaanza kula pamoja chakula cha mchana. Alinisimulia jinsi ule mwamba wenye umbo la uso wa mtu, uliokuwa nembo ya jimbo, ulivyoporomoka Mei 2003, watu wazima wakalia kando ya barabara. Mimi nikamsimulia Vuria yetu, kilele cha milima ya Taita, ukungu unavyokishukia jioni.

Machi 2024 mama yangu alilazwa Voi. Ilikuwa wiki ya kura nyingi, na vyama bado vinalingana karibu sawa. Kiongozi wa upande wetu hakunizuia, ila nilimwona anahesabu vichwa. Yule mzee akapata habari. Akaja kitini pangu, akanishika bega: "Nenda kwa mama yako. Usipopiga kura, nami sipigi." Na hakupiga. Siku ambazo sikuwepo, kila kura ambayo tungepingana aliiacha ipite, na watu wa chama chake walimsema kwa hilo.

Nilipanda ndege mbili hadi Nairobi, kisha treni ya asubuhi hadi Voi. Tsavo ilikuwa kijani, ndovu wamejipaka udongo mwekundu. Nilimkuta mama amekaa kitandani. Siku ya nne tuliruhusiwa, tukapanda kona za Mwatate hadi nyumbani, na jioni wazee wakaja na suala la mabomba ya maji. Niliwaambia ukweli kuhusu dola 100. Mzee mmoja akafikiri, akauliza, "Sasa siku uko huku, kiti chako kimekaliwa na nani?" Nikawaeleza habari za mfugaji wa kuku. Mama, aliyekuwa amejifunika blanketi, akasema, "Mtu huyo humwendei mikono mitupu."

Asubuhi akanipa kikapu cha mkonge alichosuka mwenyewe kabla ya kuugua, chenye mistari ya zambarau na kijani. Nilikibeba mapajani safari nzima, sikukubali kukiweka juu kwenye mizigo.

Mzee alikigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mishono, akauliza jina la mama yangu na kulitamka mara tatu mpaka likakaa sawa. Wiki iliyofuata alikuja nacho kikiwa na mayai ya kuku wake, yamepangwa juu ya nyasi kavu. Akakiweka chini ya kiti changu kabla spika hajagonga nyundo. Kila tulipokutana kikaoni hadi Juni, kikapu kilikwenda Coös kitupu na kurudi kimejaa, na Jumatatu jioni watoto wakala mayai.