Nusu Toni Chini

Alhamisi Kuu moja niliharibu wimbo kwa kitufe. Wapiga kinanda cha umeme wananielewa: kuna kile kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, mkombozi wetu sisi tusiopenda kuhangaika na vijiti vyeusi. Nilikuwa nimekipandisha hatua nne kwa wimbo wa kuingilia, nikasahau kukirudisha. Wimbo wa baada ya somo ulipoanza, soprano walijikuta mahali ambapo binadamu haimbi tena, anapiga mluzi. Ubeti wa kwanza haukuisha. Sauti zikakatika moja moja, nami nikaondoa mikono.

Kimya cha kanisani ni kizito, hasa ukiwa wewe ndiye uliyekileta.

Hapa niungame jambo. Nilikuwa nimepiga kinanda kanisani miaka tisa bila kuamini. Nilipenda muziki, na kanisani ndiko kulikokuwa na kinanda, basi. Wakati wa mahubiri nilipanga karatasi za nota. Nilichokiamini kwa moyo wote ni usahihi. Ndiyo maana, wiki mbili kabla, nilimwambia mzee mmoja wa besi, ambaye kila noti yake huangukia nusu toni chini (hatua moja ndogo kabisa ya kinanda), "Mzee, Alhamisi fungua mdomo tu, sauti usitoe." Akacheka. "Sawa, mwalimu."

Kwenye kimya kile, aliyeanza ni yeye.

Alikuwa chini, lakini chini ya nini? Kinanda kilikuwa kimenyamaza. Hapakuwa na ufunguo wa kumpimia. Wenzake wa besi wakamshika, kisha alto, mwisho hata soprano wakashuka wakamkuta alipo. Ufunguo ukawa wake. Walipomaliza nikabonyeza noti moja kwa sauti ndogo kupima (mazoea mabaya hayafi): walikuwa wameshuka karibu toni nzima kutoka pale walipoanzia. Siku nyingine ningeona aibu. Siku ile nilikuwa nalia, na sikujua kwa nini.

Somo lilikuwa Marko 14. Mstari wa 26 nilikuwa nimeusikia kila mwaka nikidhani ni wa kupitisha tu: "Nao walipokwisha kuimba, wakatoka nje kwenda mlima wa Mizeituni." Waliimba! Kwa desturi ya Pasaka huenda zilikuwa zaburi zile za 113 hadi 118, na kwenye ya 118 ndimo lilimo jiwe walilolikataa waashi. Petro aliliimba kwa kinywa kilekile ambacho kabla ya mapambazuko kingesema simjui mtu huyu. Wengine usiku huohuo wangekimbia. Yesu alikuwa ameshawaambia mezani kwamba mmoja wao atamsaliti, na bado akaimba nao. Hakumwambia mtu afungue mdomo tu.

Nilirudi nyumbani na mstari huo, pamoja na jambo ambalo kila mpiga kinanda hufundishwa na kulisahau. Ukipanda kwa hatua za tano (kama kutoka do hadi so) zilizo safi kabisa mara 12, hufiki sawasawa kwenye oktava ya saba, yaani do ya saba juu ya ile uliyoanzia; unaipita kidogo. Ndiyo maana katika kinanda kila tano hupunguzwa kidogo sana, ili funguo zote zipigike. Kipimo nilichomhukumia yule mzee chenyewe kimekosewa kwa makusudi. Usiniambie basi mazoezi hayana maana. Kwaya isiyofanya mazoezi ni uvivu uliovaa joho, na hadi leo nawafokea tenori. Ila usiku ule niliomba kwa mara ya kwanza bila mtu wa kunisikia kwa maikrofoni, maneno machache tena mabaya, na sikurudi nyuma kuyasahihisha.

Kesho yake nilimtafuta mzee kabla ya ibada. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga vizuri kama utangulizi wa wimbo. Akaniwahi.

"Mwalimu, nisamehe. Uliniambia nisitoe sauti. Jana ilinitoka."

Nilishindwa kusema nilichokipanga. Nikamwomba tu Jumapili asimame upande wa kinanda, karibu nami. Akasimama. Pasaka ile nilikikagua kitufe mara tatu kabla ya wimbo wa kwanza, na ubeti mzima nilimsikia sikioni, nusu toni chini.