Jinsi nilivyoiwezesha OpenVPN kutumia ufunguo uliofungiwa ndani ya tokeni

Faili la ufunguo wa siri likikaa kwenye diski, yeyote anayeingia kwenye kompyuta anaweza kulinakili. Ndiyo maana nilitaka ufunguo wa OpenVPN (programu ya kuunganisha kompyuta na mtandao wa mbali kwa njia iliyosimbwa) uzaliwe ndani ya tokeni ya USB, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi funguo, na usitoke humo kamwe. Kazi ya kutia sahihi ya kidijitali, inayothibitisha kwamba ninao ufunguo huo, inafanywa na tokeni yenyewe.

OpenVPN inaongea na tokeni kupitia PKCS#11, kiwango cha programu kuwasiliana na vifaa vya kuhifadhi funguo. Niliweka njia ya moduli (faili la programu linalowasiliana na tokeni) kwenye mpangilio wa `pkcs11-providers`, kisha `openvpn --show-pkcs11-ids` ikanipa kitambulisho cha kuweka kwenye `pkcs11-id`. PIN ilikubaliwa, lakini muunganisho ukakatika wakati wa kutia sahihi.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. TLS 1.3, toleo la itifaki inayolinda muunganisho, ikikuta ufunguo wa RSA (aina niliyokuwa nayo) hudai sahihi za mtindo wa PSS, mojawapo ya njia za kutia sahihi kwa RSA. Niliendesha `pkcs11-tool --list-mechanisms`, inayoorodhesha mbinu ambazo tokeni inaziweza: RSA-PKCS (mtindo wa zamani) ipo, RSA-PKCS-PSS haipo. Wengi hushusha TLS hadi 1.2, mimi sikutaka kudhoofisha ulinzi kwa ajili ya kifaa.

Nilitengeneza ufunguo mpya humo humo, aina ya `EC:prime256v1` (ufunguo wa mkunjo wa duaradufu, ambao si RSA na hauhitaji PSS), nikauombea cheti kipya, yaani hati ya kidijitali inayoutambulisha, na kubadilisha `pkcs11-id`. Sasa inaunganika kwa TLS 1.3, na tokeni ikichomolewa hakuna anayeweza kufungua muunganisho mpya kwa cheti kile.