Karatasi ya Meya Haina Hela, Shemeji

Jana niliweka picha kwenye grupu la familia: mimi, mwanangu wa miaka 16 na meya wa mji wetu huu mdogo hapa Ohio, tumeshika karatasi yenye muhuri wa dhahabu. Inasema Septemba ni mwezi wa kuelimishana kuhusu sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, katika mji huu. Pongezi zikamiminika, dada akatuma sauti ya vigelegele. Halafu shemeji akaandika: "Hongereni sana. Na wamewapa shilingi ngapi?"

Hakuna aliyemjibu. Nimelala na swali hilo na nimeamka nalo. Leo siendi kazini, basi namjibu hapa, na wenye swali kama lake wasome.

Shemeji, hatujapewa hata senti. Tamko la meya halina bajeti wala si sheria. Mkazi anajaza fomu wiki kadhaa kabla, anaandika rasimu mwenyewe, ofisi inaipunguza, meya anasaini. Linasomwa mwanzoni mwa kikao cha madiwani, mnapigwa picha, kisha wao wanaendelea na habari za mabomba na barabara. Jioni ile yalisomwa matatu. La kwanza la wiki ya Katiba yao, ambayo kila mwaka huanza 17 Septemba, la pili la kuhimiza watu wachukue kadi za maktaba. Letu likawa la mwisho.

Sasa sikiliza kwa nini niliacha zamu nzima ya ovataimu kwa ajili ya hilo.

Februari, ile baridi inayoingia mpaka kwenye meno, mwanangu alishikwa na maumivu saa 9 usiku. Wenye mtoto wa sikoseli sihitaji kuwaeleza. Chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto mkubwa kukuzidi kimo analia kama kichanga. Tukaita ambulansi. Bili iliyobaki baada ya bima kulipa sehemu yake ni dola 1,180, kwa maili 6. Mnaojua nauli ya bajaji pale Mwanza kutoka Nyegezi mpaka hospitali ya Bugando, pigeni hesabu wenyewe.

Lakini bili nitailipa kidogo kidogo, itaisha. Kilichoniuma ni pale emajensi. Mtoto alitaja jina la dawa inayomtuliza na dozi yake, maana ndiyo anayopewa miaka yote. Nesi akamtazama juu mpaka chini: "Umejuaje jina hilo?" Tukawekwa kwenye viti masaa matatu. Nyuma ya pazia nikamsikia akimwambia mwenzake neno ambalo kwetu ni teja. Mwanangu alilisikia pia. Akageukia ukutani, akavuta kofia ya sweta mpaka machoni. Tangu siku hiyo akianza kuumwa ananificha. Nimewahi kumkuta amekaa bafuni kwenye maji ya moto, kauma taulo ili nisisikie.

Ndipo nikaomba lile tamko. Huwa linaandikwa kwa "Kwa kuwa" nyingi, na nilizitunga mezani pangu usiku tano. Kwa kuwa Wamarekani wapatao 100,000 wanaishi na ugonjwa huu. Kwa kuwa ni Dkt. James Herrick wa Chicago aliyeuandika kwenye jarida la tiba mwaka 1910. Kwa kuwa tangu 2006 majimbo yote yanapima watoto wachanga. Kwa kuwa Umoja wa Mataifa mwaka 2008 uliitambua 19 Juni kuwa siku yake. Na ya tano: kwa kuwa wagonjwa wake wakifika emajensi na maumivu hudhaniwa wamefuata dawa za kulevya.

Karani akanipigia simu. Ya tano imetolewa, tamko halimlaumu mtu. Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka, maana zile nne ningeweza kuzitoa kwenye kitabu chochote, ya tano ndiyo ilikuwa yangu. Yule mama akaniacha nimalize, kisha akasema: kwenye kikao wananchi wana dakika 3 kila mmoja, na hizo hakuna anayezipunguza. Nitakuandika wa kwanza.

Nikasimama. Niliwaeleza mundu ni nini, kwa sababu wengi wao hawajawahi kuushika, mimi nimevunia mpunga Sengerema kwa mundu. Nikawaambia yaliyotupata Februari. Na nikamtaja mdogo wangu aliyefariki akiwa na miaka 6, macho ya njano, vidole vimevimba. Hakuna aliyempima damu. Kuna watu mpaka leo wanasema alirogwa kwa ajili ya shamba, na mama yangu alizeeka na lawama hiyo. Tanzania wanazaliwa watoto wapatao 11,000 wa sikoseli kila mwaka, na ndani ya ukoo wetu, shemeji, neno hilo halijawahi kutamkwa kwa sauti. Mimi nimelitamka ugenini, mbele ya bendera ya watu.

Tukitoka, bibi mmoja Mmarekani Mweusi akatusimamisha. Kaka yake alikufa kwa ugonjwa huu akiwa kijana. Akaomba aishike ile karatasi. Akapitisha kidole juu ya neno lenyewe, taratibu, kisha akamuuliza mwanangu: "Wewe unakushika wapi zaidi?" Na mwanangu, ambaye mimi mama yake ananificha, akamwonyesha: mgongoni, hapa, na kwenye mapaja. Walisimama pale mlangoni wakizungumza zaidi ya nusu saa. Mimi nilikaa pembeni na funguo za gari mkononi.

Mnaotaka kuja na mtoto wa sikoseli: njooni na faili lote la kliniki kwa Kiingereza, na mkifika tu mwombeni daktari wa damu barua inayosema mtoto akishikwa apewe nini na kiasi gani. Msikimbilie kuja kwa ajili ya ile tiba ya vinasaba iliyopitishwa hapa Marekani Desemba 2023. Bei ya mojawapo imetajwa kuwa dola milioni 2.2. Kabla hamjauza kiwanja, ulizieni Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako wanapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wetu. Na vijana, kapimeni kabla ya kupeleka posa.

Nilidhani karatasi tutaiweka kwenye fremu sebuleni. Asubuhi nimemkuta mwanangu anaitoa kopi. Ameikunja mara mbili na kuiweka kwenye begi lake la hospitali, pamoja na barua ya daktari, chaja na blanketi.